Mnara wa Njombe na fedha zenye tarehe ya kuondoka

Baba mdogo aliitoa barua kwenye bahasha ya kaki anamotunzia risiti za mbolea, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja, akanisogezea.

"Nisomee hapa."

Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Kampuni aliyoandikishiana nayo kuhusu kile kipande cha juu ya shamba, penye mnara, ilikuwa inamjulisha kwamba haki zake na wajibu wake wote vimehamia kwa kampuni nyingine. Masharti ni yale yale. Kodi ni ile ile. Asaini chini, abaki na nakala moja.

"Hawa ni akina nani?"

Nikamtajia jina.

"Jina nimeliona. Nauliza ni akina nani."

Nilikuwa nimepanda Njombe kwa ajili ya msiba, akili yangu iko kwenye michango na chakula cha wageni. Nikamjibu juu juu: ni kampuni kubwa ya minara, ipo nchi nyingi, usiwe na wasiwasi. Akaikunja barua. Hakusema kwamba sijamjibu, lakini nilimwona usoni. Yeye aliandikishiana na vijana wa kampuni ya simu waliokuja na gari jeupe, wakapima ardhi, wakala viazi nyumbani kwake. Wale anawafahamu. Hawa wa sasa hajawahi kuwatia machoni. Hata mlinzi wa mnara, ambaye huwachajia watu simu pale getini, anasema mabosi wamebadilika lakini koti la kazi ni lile lile.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Barua ni ya baba mdogo, si yangu. Ila swali lake nilishuka nalo hadi Dar na likanikalia kooni kwa wiki kadhaa. Kila nilipofuata jina moja nilifika kwenye jina jingine. Kampuni ya hapa ni mali ya kampuni ya nje, kampuni ya nje ina mfuko nyuma yake, na mfuko nao una wenyewe.

Nikaacha kufuata majina, nikaanza kufuata fedha.

Kijumbe mwenye saa

Mfuko wa mitaji binafsi, ukiuvua suti, ni mchezo wa kuchangiana wenye kijumbe anayelipwa vizuri. Wachangaji ni mifuko ya pensheni ya nchi za mbali, taasisi, na matajiri. Kijumbe anakusanya, ananunua kampuni au sehemu ya kampuni, anaikuza, anaiuza, wanagawana. Kwa kawaida mfuko huishi takribani miaka 10. Kijumbe hupata kama asilimia 2 ya fedha kila mwaka kwa kuzisimamia, na faida ikipatikana, kama asilimia 20 ya faida hiyo huwa yake.

Asilimia hazikunishangaza. Kilichonishangaza ni ile saa.

Tangu siku ya kwanza fedha hizi zinajua zitaondoka, na kila uamuzi wa katikati unaitazama siku hiyo. Gawio la kila mwaka ni jambo dogo. Jambo kubwa ni bei ya mwisho. Na mnunuzi wa mwisho wa kampuni ya simu, kwa miaka mingi, alikuwa anauliza maswali machache tu: mna leseni za nchi ngapi, mna wateja wangapi, na wanaongezeka kwa kasi gani. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini enzi zile laini zilimwagwa mitaani na ofa hazikuisha. Mteja mpya alikuwa na thamani mara mbili: mara ya kwanza kwa vocha atakayokwangua, mara ya pili kwa kuhesabiwa siku ya mauzo.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuandika makala ya hasira. Ingeandikika kwa urahisi, na wasomaji wangu wengi mngeipenda.

Kilichonizuia ni kumbukumbu ya simu ya mezani. Walioomba simu kabla ya simu za mkononi wanajua: unajaza fomu, unasubiri, unamtafuta anayemfahamu fundi, unasubiri tena. Shirika lile halikuwa na saa yoyote ya kulikimbiza. Halikuwa na tarehe ya kuuzwa wala kijumbe wa London wa kulipigia kelele. Na kijiji cha baba mdogo halikukifikia.

Mwaka ambao benki zilikataa

Kisa cha Celtel, kampuni ya simu za mkononi, wengi tunakijua kwa juu juu: Mo Ibrahim, mhandisi Msudani aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi wa kampuni ya simu ya Cellnet huko Uingereza, akaacha kazi, akaanzisha kampuni ya ushauri ya MSI mwaka 1989, kisha mwaka 1998 akaanzisha kampuni ya kujenga mitandao Afrika. Zain na Airtel zilikuja baadaye kukaa juu ya msingi huo.

Kinachosahaulika ni jinsi biashara hiyo ilivyokuwa haitakiwi. Leseni za nchi nyingi za Afrika zilipatikana kwa bei ndogo, kwa sababu makampuni makubwa hayakuzigombea. Mo Ibrahim amewahi kusimulia kwamba alipomshawishi kigogo mmoja wa simu kuhusu Uganda, mtu huyo alimjibu kwa kumtaja Idi Amin, wakati Amin alikuwa ameshang'olewa tangu mwaka 1979. Benki nazo hazikutaka kukopesha. Mtandao wa simu ni kitu cha kutumia fedha nyingi kwanza na kuvuna baadaye, na kawaida ungejengwa kwa mkopo. Celtel ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa kuuza hisa, tena na tena, kwa watu waliokuwa tayari kusubiri.

Na haukuwa ujenzi wa kwenye karatasi. Iliingia Kongo ya Kinshasa vita vikiendelea. Pasipo na umeme ilipeleka jenereta, pasipo na barabara ilitafuta njia ya kufikisha dizeli. Bodi iliweka utaratibu kwamba malipo makubwa lazima yapite mezani kwake, na utaratibu huo ukawa kinga: afisa akidai chochote, meneja wa nchi anajibu kwamba hana mamlaka, aiulize bodi.

Basi nani waliokuwa tayari kusubiri?

Hapa ndipo makala yangu ya hasira ilipovunjika mguu.

Waingereza wa miwati

Miongoni mwa waliotia fedha Celtel ilikuwepo IFC, mkono wa Benki ya Dunia unaowekeza kwenye kampuni binafsi. Ilikuwepo FMO, benki ya maendeleo ya Uholanzi, ambayo serikali ya nchi hiyo ndiyo mwenye hisa mkubwa. Ulikuwepo mfuko wa miundombinu wa Afrika uliobeba jina la AIG. Na ilikuwepo CDC ya Uingereza, mali ya serikali ya Uingereza, ambayo mwaka 2004 shughuli zake za kusimamia mitaji ziligeuka kuwa kampuni ya Actis.

CDC!

Kwa mtu wa Njombe herufi hizo tatu si ngeni hata kidogo. Ilianzishwa mwaka 1948 kama shirika la maendeleo la makoloni, na mwaka uliofuata ikaanza mashamba ya miwati Njombe, yale tunayoyaita TANWAT hadi leo. Wazee wetu walimenya magome ya miwati kwa ajili ya kiwanda cha dawa ya kulainishia ngozi za wanyama. Makoloni yalipokwisha, herufi C ya mwanzo ikabadilishwa ikawa ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2022 jina lote likabadilishwa, sasa linaitwa British International Investment. Shirika lile lile.

Kwa hiyo baba mdogo amekuwa akiishi jirani na fedha hizi tangu azaliwe. Kwanza zilikuja kama miti, baadaye zikaja kama simu.

Sikulichukulia jambo hili kama njama, na naomba nawe usilichukulie hivyo. Kwangu lilikuwa na uzito wa aina nyingine. Nilikuwa nimeamini kwamba kukua kwa simu Afrika ni ushindi wa mitaji binafsi dhidi ya uzembe wa serikali. Ndivyo linavyosimuliwa kwenye mikutano ya wawekezaji. Lakini katika miaka ile ya hatari, sehemu muhimu ya fedha zilizovumilia zilikuwa za umma. Za umma wa kwingine. Mlipakodi wa Uholanzi na wa Uingereza alikuwa mezani, pengine bila yeye mwenyewe kujua.

Mwanachama wa mfuko wa hifadhi wa Tanzania, mwalimu wa Makambako aliyekatwa mshahara kila mwezi, hakuwepo.

Siku Kuwait ilipopiga hodi

Mwaka 2005 Celtel ilikuwa inajiandaa kuuza hisa kwenye soko la London. Wanunuzi wakajitokeza kabla ya soko kufunguliwa, na kampuni ya simu ya Kuwait, MTC, ikaichukua kwa dola bilioni 3.4 hivi. Kampuni ilikuwa na umri wa miaka 7.

Wawekezaji wakaondoka na fedha zao zikiwa zimezaa. Mo Ibrahim akaondoka na utajiri ambao sehemu yake aliielekeza mwaka 2006 kwenye taasisi yenye jina lake, ile inayotoa tuzo ya dola milioni 5 kwa marais wanaoachia madaraka kwa amani. Dk. Salim Ahmed Salim alikuja kuwa mwenyekiti wa kamati ya tuzo hiyo. (Huwa nacheka peke yangu: vocha za kukwangua ziligeuka pensheni ya Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji aliyeipata tuzo hiyo.)

Je, walistahili?

Hapa nimebadilika mawazo, nikabadilika tena. Jibu langu la leo ni ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Aliyetia fedha Kinshasa risasi zikilia hawezi kulinganishwa na aliyesubiri mambo yatulie. Kama angepoteza, hakuna ambaye angemchangia.

Lakini kuna upande wa Tanzania katika kisa hiki ambao haumezeki hivyo. Mwaka 2001 kampuni mama ya Celtel, ikiwa na Wajerumani wa Detecon, ilinunua asilimia 35 ya TTCL, kampuni ya simu ya Serikali, kwa bei ya dola milioni 120. Ikalipa 60. Nusu ya pili ikageuka mgogoro wa hesabu za TTCL. Wakati mgogoro unaendelea, Celtel Tanzania ilikuwa inakua ndani ya familia ya TTCL, na mwaka 2005, mwaka ule ule wa mauzo ya Kuwait, ikatenganishwa nayo: Serikali ikabaki na asilimia 40 ya kampuni ya simu za mkononi, mwekezaji akawa na 60.

Mtandao uliendelea kubadilisha wenyewe. Mwaka 2008 ukawa Zain. Mwaka 2010 Bharti ya India ikazinunua shughuli za Zain katika nchi 15 za Afrika kwa hesabu ya dola bilioni 10.7. Mwenye laini ya 0784 hakubadilisha namba hata mara moja.

Desemba 2017 Rais Magufuli akasema Airtel ni mali ya TTCL, akaagiza uchunguzi. Nakumbuka tulivyogawanyika kwenye daladala: wengine "mwizi kakamatwa", wengine "wawekezaji watakimbia". Januari 2019 yakafikiwa makubaliano. Hisa za Serikali zikapanda kutoka asilimia 40 hadi 49, bila Serikali kutoa fedha, na madeni ambayo kampuni ilidaiwa na wenye hisa wakubwa yakafutwa.

Ukiniuliza, Serikali ilipata bei nzuri kwa njia mbaya. Kiti cha mezani kilichopatikana kwa ugomvi hakikufundishi namna ya kukikalia. Lakini siwezi kujifanya kwamba kingepatikana kwa barua ya heshima.

Chuma kisichouza vocha

Turudi kwenye minara, maana huko ndiko mambo yalikobadilika umbo.

Miaka ya mwanzo kila kampuni ya simu ilijenga wa kwake. Ungeona kilima kimoja kina minara mitatu, jenereta tatu, walinzi watatu. Kisha likaja wazo ambalo sina ubishi nalo: mnara awe nao mtu ambaye hauzi vocha, awapangishe wote. Helios Towers, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilifanya hivyo. Nyuma yake kulikuwa na Helios Investment Partners, mfuko wa Wanigeria wawili wenye makao London, Tope Lawani na Babatunde Soyoye, pamoja na fedha za George Soros na mfuko wa Madeleine Albright, yule waziri wa mambo ya nje wa Marekani tuliyemwona Dar Agosti 1998 baada ya ubalozi wao kulipuliwa. Baadaye wakaingia IFC na Providence ya Marekani.

Hapa nchini walianza na minara ya Tigo, kama elfu moja hivi. Mwaka 2013 wakachukua ya Vodacom, 1,149. Kampuni ya simu inapata fedha taslimu leo, halafu inalipa kodi kwa miaka mingi kutumia mnara ule ule iliokuwa nao jana. Airtel nayo iliuza yake mwaka 2021, kama 1,400, kwa kampuni ya SBA ya Marekani na mshirika wake Paradigm, kwa takribani dola milioni 176. Hiyo ikaitwa Minara Tanzania, jina ambalo angalau halihitaji mkalimani. Helios wao walishaingia soko la London Oktoba 2019, na mwishoni mwa 2022 wakafika Oman kwa kununua minara zaidi ya 2,500 ya Omantel.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mpangaji wa kwanza analipa gharama. Mpangaji wa pili anakuja juu ya ardhi ile ile, uzio ule ule, mlinzi yule yule. Karibu yote anayolipa ni faida. Ndiyo maana kampuni za minara hupimwa kwa wastani wa wapangaji kwa kila mnara, na ukifika wawili, wenye mtaji wanapumua.

Nikaanza kusoma aina ya mikataba wanayowekeana na kampuni za simu. Ni ya miaka 10 hadi 15. Ina kifungu cha kupandisha kodi kufuatana na mfumuko wa bei. Ina kingine kinachofuata bei ya dizeli na umeme. Bei ya mafuta ikipanda Bandarini, mwenye mnara haumii sana.

Nikaomba picha ya mkataba wa baba mdogo. Binamu akaipiga kwa simu, akanitumia WhatsApp.

Kodi moja, isiyobadilika, kwa kipindi chote cha kwanza cha mkataba. Hakuna neno kuhusu mfumuko wa bei. Hakuna neno kuhusu mpangaji wa pili, ambaye ameshapanda juu ya mnara ule siku nyingi. Antena zake unaziona ukiwa barabarani.

Mkataba wa juu ya mnara unajua bei ya vitu inapanda. Mkataba wa chini ya mnara haujui.

Nilikaa na jambo hilo kuliko lolote jingine katika safari hii. Ni shamba moja, chuma kimoja, dunia moja yenye mbolea inayopanda bei. Aliye London amekingwa dhidi ya mfumuko wa bei wa Tanzania. Anayeishi ndani ya mfumuko huo hajakingwa. Na hakuna aliyevunja sheria, hakuna aliyetoa rushwa. Mwanasheria mmoja tu alikuwepo chumbani, wa upande mmoja.

Nikampigia baba mdogo. Tukasalimiana kamwene, nikamweleza polepole: mkataba utakapohuishwa, usisaini bila kifungu cha kupandisha kodi kila mwaka, na kingine cha mpangaji wa pili. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa mwanangu. Ila mimi nilikuwa nafikiria wanilipe miaka mitano yote kwa pamoja. Nipande parachichi."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa najiandaa kumwambia kwamba akichukua fedha zote mbele atapunjwa, thamani ya shilingi itashuka, mwaka wa tatu atajuta. Lakini ndicho Vodacom walichofanya mwaka 2013, na wao walikuwa na wanasheria ghorofa nzima. Walitaka fedha mkononi ili wazipeleke penye faida kubwa kuliko chuma. Yeye anataka fedha mkononi azipeleke kwenye miche ya Hass. Parachichi la Njombe linasafiri hadi Ulaya. Hesabu zake huenda ni bora kuliko zangu.

Nikamwambia tu asikubali bei ya kwanza. Na amtafute mwanasheria wa Njombe mjini, nitachangia.

Tunapoitwa mezani

Kwenye kisa hiki Watanzania wamemiliki kwa njia chache. Serikali kwa ugomvi. Wenye mashamba kwa kodi. Sisi wengine kwa kuitwa sokoni.

Kuitwa kwenyewe kulikuja kwa amri ya sheria. Sheria ya Fedha ya mwaka 2016 ilizitaka kampuni za simu ziorodheshe asilimia 25 ya hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vodacom ikatangulia mwaka 2017: hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla shilingi bilioni 476. Ilibidi muda uongezwe na mlango ufunguliwe kwa wageni ndipo zijae. Bei baadaye ikashuka chini ya 850 na kukaa huko muda mrefu, na kampuni ikapita katika mwaka wa hasara.

Nilitaka kusema: mnaona, tunaitwa karamu ikiisha.

Kisha nikakumbuka Kenya. Wakenya nao waliitwa mwishoni, mwaka 2008, wauziwe hisa za Safaricom zilizokuwa za serikali, kwa shilingi 5. Walizigombea mara tano ya zilizokuwepo. Mwanzoni bei ilianguka, watu wakaapa hawatagusa soko tena. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilivuka 40. Kwa hiyo hoja yangu ya karamu haisimami yenyewe. Anayechelewa anaweza kushiba pia, ikiwa kampuni bado ina kitu cha kukuza, na Safaricom ilikuwa na M-Pesa yenye umri wa mwaka mmoja na kidogo.

Kuhusu mifuko yetu ya hifadhi bado sijaridhika. Nikiligusa jambo hili watu wa fedha hunijibu kwamba pensheni haichezewi, haiwezi kupelekwa kwenye biashara changa. Hoja nzuri. Ila NSSF, mmoja wa mifuko hiyo hiyo, ilitoa asilimia 60 ya gharama za daraja la Kigamboni, na hiyo hiyo ikaingia Dege, nyumba zaidi ya elfu saba zilizopangwa kujengwa Kigamboni, ujenzi ukasimama mwaka 2016, maghofu yakabaki yanatazama bahari. Hatari tumeibeba. Tumeibeba kwenye saruji, tukiwa peke yetu mbele. Kuibeba kidogo kidogo, tukiwa bega kwa bega na FMO na IFC, kwa masharti yao na tarehe yao ya kuondoka, ndiko tusikokuzoea. Mimi ningelitaka hilo hata kama sehemu ya fedha ingepotea, kwa sababu fedha zinazokaa meza ile hujifunza kusoma vifungu.

Na meza nyingine iko wazi sasa hivi. Mwaka 2021 mfuko wa Rise wa TPG ya Marekani ulitia dola milioni 200 kwenye Airtel Money, Mastercard ikatia milioni 100, biashara yote ikathaminiwa dola bilioni 2.65. Katika masharti yaliyotangazwa kulikuwa na hili: kama hisa za Airtel Money zisingefika sokoni ndani ya miaka 4, wawekezaji hao wangekuwa na njia ya kuiuzia kampuni mama, Airtel Africa, hisa zao. Saa, tena. Wakala anayekaa kwenye kibanda chenye mwavuli mwekundu, ambaye floti yake ndiyo inayofanya mtandao ule uwe na thamani yoyote, kamisheni yake inaweza kubadilishwa kwa ujumbe mfupi wa asubuhi.

Hisa hizo zitakapoletwa sokoni, nitafungua waraka wa matarajio, yaani maelezo rasmi ya mauzo ya hisa, nitafute mambo mawili kabla ya mengine yote: hisa zinazouzwa ni mpya au ni za anayeondoka, na kama Dar es Salaam imo kwenye orodha ya masoko. Nairobi, Kampala na Lusaka nazo zina haki ya kuuliza.